Kabla hujaishusha Altezza yako: saspensheni ya gari la spoti kwa barabara za Dodoma

Toyota Altezza iliyolala chini inapendeza ikiwa imeegeshwa. Asubuhi ikitoka Kisasa kwenda Mtumba, watu wawili wamekaa nyuma na mabegi yako kwenye buti, kila tuta linakuwa kesi. Dereva akisikia "dugu!" anasema springi ni ngumu. Mara nyingi springi haina kosa. Kinachogonga ni raba ya kikomo, ile raba fupi iliyovaa fimbo ya shokapu ndani ya kifuniko cha vumbi. Gari limeshuka mpaka limeikalia.

Piga hesabu. Tuseme gari likisimama, tairi lina milimita 80 za kupanda kabla ya kuifikia raba hiyo. Ukilishusha milimita 40, umebakiwa na 40. Springi ya kushushia huenda ni ngumu zaidi kwa asilimia 20 au 30, lakini nafasi umeikata nusu. Springi haijaongezeka ugumu wa kufidia ulichopoteza. Kwa mtu anayekutana na matuta, rasta na mifereji iliyochimbwa na malori ya njia ya Morogoro, hiyo nafasi ndiyo mali. Kila kifaa unachotaka kununua kiulize kwanza: kinanipa udhibiti bila kula nafasi yangu?

Tairi ndilo la kwanza, ingawa hakuna anayetaka kusikia. Toyota 86 ilitoka kiwandani na 215/45R17 (upana milimita 215, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17), yaani ukuta wa tairi wa kama milimita 97. Ukihamia 215/40R18 unabaki na 86. Milimita 11 zinaonekana ndogo mpaka siku rimu inapokutana na ukingo wa shimo. Bakia inchi 17, nunua tairi nzuri, na pima upepo tairi zikiwa baridi kwa kufuata karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango.

Halafu bushi, yaani raba za viungio vya mikono ya saspensheni. Altezza iliuzwa kati ya 1998 na 2005, hivyo kama bushi zake ni za kiwandani, zina umri wa mtu mzima. Piga jeki, shika tairi juu na chini, utikise. Likicheza, tazama boljointi na bearingi. Shika kushoto na kulia. Likicheza, ni tairodi endi au reki. Mlio mdogo wa "tak-tak" kwenye vikokoto kwa kawaida ni linki za stabilaiza, ile fimbo inayounganisha saspensheni ya kushoto na ya kulia. Kwa Impreza au Toyota 86, kishindo unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, shuku mauntini za juu za shokapu. Ukifunga shokapu ya bei mbaya juu ya bushi zilizopasuka, umenunua kelele mpya.

Mabishano ya bushi za raba na za poliyurethani, ile plastiki ngumu, yana jibu lake hapa kwetu, na jibu ni vumbi. Poliyurethani inahitaji grisi, na ikikauka inalia kama mlango wa stoo. Viungio vya chuma visivyo na raba kabisa ni vya kwenye mashindano. Kati ya Mei na Novemba mchanga unaviingia na kuvisaga, na baada ya muda vinagonga kuliko bushi ulizotoa. Gari la kila siku livae raba halisi.

Bushi mpya nyingi zinafia gereji, siku ileile ya kufungwa. Bushi ya raba ina bomba la ndani na la nje, na raba imegandishwa katikati yake. Fundi akikaza bolti wakati mkono wa saspensheni unaning'inia hewani, bomba la ndani linafungwa kwenye pembe hiyo. Ukishusha gari, mkono unapanda na raba inabaki imepinda saa zote, hata usiku gari likiwa limelala. Baada ya miezi inachanika, na lawama anapewa muuza spea. Mwambie fundi: bolti za mikono zifungwe kwa vidole tu, gari lishushwe likanyage mbao imara au rampu, lisukumwe mbele na nyuma mara kadhaa, ndipo zikazwe kwa toki renchi. Ni kazi ya dakika 20 zaidi, na mafundi wengi hawaipendi kwa sababu unalala chini ya gari.

Sasa shokapu, ambayo ndiyo sehemu ya pesa zako kubwa. Chagua ya urefu wa kiwandani. Kwa shokapu za kampuni ya Bilstein, B6 ni ya springi za kawaida na B8 ni fupi, kwa gari lililoshushwa. Watu huzichanganya kwa sababu rangi ni moja. Shokapu ya njano ya kampuni ya Koni inakuruhusu kurekebisha kasi ya springi kurudi, na hilo linafaa zaidi kuliko kurekebisha kimo. Shokapu ya bomba moja hupoa vizuri kwenye njia ndefu yenye mikwaruzo, lakini pistoni yake inapita kwenye ukuta wa nje: jiwe likiubonyeza, imekufa. Ya mabomba mawili inavumilia zaidi mbonyeo wa namna hiyo. Kabla ya kuifunga hii ya pili, isimamishe wima, ibonyeze na kuivuta mara nne au tano mpaka hewa itoke kwenye mafuta.

Nati ya juu isifunguliwe wala kukazwa kwa mashine ya upepo, na fimbo isishikwe kwa plaizi. Mchubuko mmoja kwenye ile fimbo inayong'aa unakata sili, mafuta yanavuja, vumbi linaganda juu yake kama msasa. Nunua vifuniko vya vumbi na raba za kikomo vipya, usirudishe vilivyochanika. Shokapu hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli.

Springi? Mimi ningeziacha. Ukishindwa kabisa, ushushe milimita 15 hadi 20 na shokapu inayolingana nazo. Kukata kwa grenda usikubali. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukikata mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20, na ukipiga jeki inalegea kwenye kiti chake; ikirudi vibaya inaweza kuchomoka. Wenye Impreza na Toyota 86 wana sababu ya ziada: mbele kuna mfumo wa MacPherson, ambapo shokapu yenyewe ndiyo inayoshika tairi kwa juu, na ukishusha sana mkono wa chini unainuka kuelekea tairi, gari linaanza kulala zaidi kwenye kona. Umelishusha ili lisilale, nalo linalala.

Pesa ikibaki, nunua stabilaiza nene. Ugumu wake unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo (kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo), hivyo kutoka milimita 20 kwenda 22 unaongeza kama asilimia 46. Tuta la upana wa barabara huinua tairi zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo stabilaiza hailiongezei ugumu. Shimo la upande mmoja ndilo utalihisi. Kwa Altezza anza na ya mbele: ukikaza nyuma peke yake, mvua za kwanza za Desemba zikikuta lami ina vumbi, mkia utakutangulia.

Kwa anayeng'ang'ania koilova, yaani shokapu na springi zilizofungwa pamoja zenye kubadilishwa kimo: iwe ya kubadilishia kimo kwenye mguu wa chini, ili nafasi ya shokapu isipungue. Uliza springi ni kilo ngapi kwa milimita. Muuzaji asiyejua anakuuzia rangi. Osha nyuzi zake kila unaposafisha gari, la sivyo tope likikauka hutazifungua tena.

Alaimenti ifanyike baada ya kilomita 300 hadi 500, springi na bushi zikishatulia. Kemba ya mbele, yaani tairi kuinama kwa juu, ya digrii 1 hadi 1.5 kuelekea ndani haili tairi kama watu wanavyodhani. Kinachokula ni tou, yaani tairi kutazama ndani au nje. Iache sifuri, au milimita 1 ndani. Ukirudi safari ya Morogoro, pitisha kiganja juu ya tairi, toka nje kuja ndani, kisha urudi. Mwelekeo mmoja ukiteleza na mwingine ukikwaruza kama jino la msumeno, rudi kwa mtu wa alaimenti siku hiyohiyo.