Tuta la tatu liko chini ya kavera

Mmeuliza wiki hii: mwenye bustani hufanya nini wakati bustani haina kitu? Nilimsomea swali hilo mdogo wangu anayeishi Uingereza, akacheka. Kwao Januari ardhi ni baridi mno, mbegu nyingi zitaozea humo, basi watu hukaa ndani wakichagua mbegu na kuchora matuta kwenye karatasi. Sisi hapa Bombo, Uganda, hatuna baridi ya kutufungia ndani. Tuna jua. Nsenene, wale panzi wa kuliwa, wakishapita na mvua zikakatika Desemba, ua wangu hugeuka vumbi jekundu mpaka Machi, na majirani wengi hutundika majembe. Mimi ndipo naanza.

Naanza na daftari. Marehemu mama yangu, Mnubi aliyelima maisha yake yote bila kushika kalamu, angeyaona hayo ni maringo. Lakini yeye alikuwa na shamba. Mimi nina matuta sita nyuma ya nyumba, na mahali padogo kosa hurudi upesi.

Langu lilikuwa la nyanya. Misimu miwili mfululizo zilininyaukia zikiwa bado mbichi: asubuhi zimesimama, mchana zimelala, baada ya siku chache zimekufa. Nilidhani ni kiu, nikazidisha maji. Bwana shamba mmoja akaja, akakata shina, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Tukakaa tukitazama, mara nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Mnyauko wa bakteria. Huo hukaa udongoni, na hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya mmea. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kati ya misimu ile miwili nilikuwa nimepanda nakati, mboga yetu ya majani, kwenye tuta lile lile, nikijiona nimebadilisha zao. Kumbe nakati, ntula (nyanya chungu), bilinganya, pilipili na viazi mviringo wote ni ukoo mmoja na nyanya! Nilimfukuza mtu nikamwachia nduguye nyumba.

Tangu hapo daftari lina ramani ya matuta, na kila tuta limeandikiwa lilibeba nini na lini. Palipokuwa na nyanya napeleka dodo (mchicha), maharage au kitunguu, na ukoo ule haurudi pale kabla ya miaka mitatu. Tuta lililougua nalitibu kwa jua hili hili tunalolilaumu. Nalilainisha, nalilowesha mpaka chini, kisha nalifunika kwa kavera, yaani plastiki, pana inayopitisha mwanga na kuzika kingo zake kwa udongo, wiki sita. Isiwe nyeusi, maana nyeusi hunyonya joto yenyewe na udongo wa chini haupati moto wa kutosha. Siwadanganyi kwamba mnyauko unakwisha wote, kwa kuwa bakteria waliojificha chini sana hawafikiwi. Magugu, hata hivyo, yamepungua mno.

Mbolea naipata kwa jirani mwenye kuku. Huku kwetu wafugaji hutandika maganda ya kahawa bandani, kwa hiyo unachozoa ni maganda na mavi kwa pamoja, na ikiwa mbichi huunguza miche. Nairundika Desemba chini ya mwembe, nainyunyizia maji, naigeuza kila wiki mbili. Ukitia mkono ndani ukakuta bado ina joto, usiitumie, hata kama mvua imeshapiga.

Mbegu nazo zina yake. Mwaka mmoja nilinunua za sukuma wiki katika duka moja, pakiti inang'aa kweli kweli, ikatoa miche minne. Siku hizi nafunga mbegu kumi kwenye kitambaa chenye unyevu na kuziweka kabatini wiki moja. Zikichipua nane, nasia. Zikichipua tatu, kuku wa jirani wanapata chakula. Za nakati sinunui: kuna mashina mawili nisiyoyachuma, nayaacha mpaka matunda yawe mekundu, nakamua, naosha, naanika kivulini.

Kitalu hakingoji mvua. Miche ya sukuma na nyanya hukaa humo kama mwezi mmoja, kwa hiyo nasia katikati ya Februari, kitalu cha upana wa mkeka, chini ya kivuli cha majani ya mgomba. Hapo dumu moja la maji kwa siku linatosha na kubaki. Kumwagilia matuta yote sita kiangazi sijaribu tena, maji ya kununua hayo.

Hivi ninavyoandika, tuta la tatu limelala chini ya kavera yake, refu, limevimba katikati. Mjukuu wangu wa miaka mitano amekataa kupita upande ule jioni. Ameniuliza tumemzika nani.