Fundi Anajibu: Trekta ya petroli inayogoma kwenye ukungu

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Massey Ferguson 35 ya petroli, ya zamani, nalimia viazi huku Uporoto. Asubuhi ya ukungu haiwaki hata nipige stata mpaka betri ilegee; jua likitoka inawaka. Ikiingia kazini na jembe inakohoa. Plagi ni mpya. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye distribyuta, ndugu, yaani kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Kugoma kwenye ukungu na kuwaka juani ni dalili ya unyevu ndani ya kifuniko: umeme wa koili (inayozalisha umeme mkali wa cheche) unatorokea kwenye maji kabla ya kufika kwenye plagi. Chomoa waya wa betri, fungua vibanio viwili, inua kifuniko huku nyaya zikibaki mahali pake. Kifute ndani kwa kitambaa kikavu, kisha kikague juani. Ukiona mstari mweusi mwembamba, kama wa penseli, kati ya kituo kimoja cha waya na kingine, umeme umeshajichongea njia. Hicho ni cha kutupa, gundi haisaidii. Kaboni ya katikati ya kifuniko nayo ibonyee na kurudi. Wanaokifunika kwa nailoni wanakosea. Jasho linabaki ndani.

Kukohoa kwenye jembe, kagua pointi, vile vidomo viwili ndani ya distribyuta vinavyofunga na kukata umeme wa koili. Toa rota (kipande cha juu kinachozunguka), zungusha injini kwa hendeli mpaka kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya nundu ya kamu (mhimili wenye nundu unaofungua pointi), ndipo upime nafasi kati ya pointi kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Distribyuta nyingi za kampuni ya Lucas za enzi hizo hutaka inchi 0.014 hadi 0.016, yaani kama mm 0.35 hadi 0.40, kitabu cha trekta yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Legeza skrubu, rekebisha, kaza, halafu pima tena, maana kukaza kwenyewe husogeza pointi. Hapo ndipo wengi huharibu.

Nafasi ikiwa pana, pointi hukaa zimefungwa muda mfupi, koili haijai, na cheche inadhoofika injini inapoongeza mwendo. Ikiwa finyu, pointi huungua na cheche huchelewa. Kisigino kinalika polepole, kwa hiyo nafasi hupungua yenyewe. Pima kila msimu. Pointi zenye shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili zinaishitaki kondensa, kifaa kidogo kinachozuia pointi zisiungue: badilisha vyote pamoja. Paka kamu grisi kidogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Ikizidi itarukia pointi.

SWALI: Nimechomoa nyaya zote za plagi za Ferguson TE20 bila kuziwekea alama. Zinarudije? Msomaji, Mafinga.

JIBU: Mfuatano ni 1-3-4-2, silinda ya 1 ikiwa upande wa radieta. Toa plagi ya 1, ziba tundu kwa kidole, zungusha kwa hendeli mpaka hewa isukume kidole na pistoni ikaribie juu. Kituo ambacho rota inakielekea ndicho cha waya wa 1. Waya wa 3, 4 na 2 zifuate upande rota inakozungukia. Angalia kwa macho inazungukia wapi, usikisie.