Kufomati si tiba: majibu kwa wenye memori kadi zinazoharibika kila mara

Safari hii nimeweka kando maswali mengine nijibu ya memori kadi kwenye vishikwambi tu. Barua za "nifomati kwa programu gani?" zimezidi, na wengi wanaoziandika wameshafuta wenyewe picha ambazo zingeweza kuokolewa.

Swali: Kishikwambi changu kinasema kadi imeharibika. Nikifomati inakaa wiki mbili tatu, kisha ujumbe unarudi. Nipe programu bora ya kufomati.

Sikupi. Kufomati kwa kawaida hakutengenezi chochote ndani ya kadi. Kazi yake ni kuandika upya orodha inayoeleza faili gani imekaa wapi. Kama chanzo ni kadi iliyochoka, miguso iliyolegea (pale vibati vya kadi vinapogusana na pini za kishikwambi) au betri inayokata umeme ghafla, orodha mpya itaharibika kama ile iliyotangulia, nawe utakuwa umefuta vitu vyako bure.

Tafuta kwanza kosa liko upande gani. Chukua kadi nyingine ambayo imekuwa ikifanya kazi salama kwenye simu, uitie kwenye kishikwambi. Ile inayokusumbua itie kwenye simu. Hakikisha zote mbili hazina kitu cha thamani ambacho hakina nakala, kisha zitumie kama kawaida kwa muda uleule ambao tatizo huchukua kurudi. Kadi yako ikiharibika tena ndani ya simu, kadi ndiyo mbovu, itupe. Ile nzima ikiharibika ndani ya kishikwambi, acha kununua kadi. Watu wanafika kadi ya nne bila kufanya jaribio hili ambalo halina gharama yoyote, na inaniuma kwa sababu kila kadi iliondoka na picha za mtu.

Kosa likiwa la kifaa, angalia mambo mawili. La kwanza ni miguso. Kadi ndogo ya microSD ina miguso 8, na mmoja usioshika vizuri unatosha kuvuruga kila kitu. Dalili yake ni ujumbe wa "kadi imeondolewa" unaojitokeza ukikibonyeza kishikwambi, ukikiangusha kidogo au kikipata joto. La pili ni betri, na hili watu hawalifikirii kabisa. Betri nzima ikikaribia kuisha, kishikwambi hujizima kwa utaratibu: kinafunga faili, kinaiachia kadi, ndipo kinazima. Betri iliyochoka hukata umeme ghafla hata pale kioo kinapoonyesha bado kuna asilimia kumi na kitu. Mifumo ya kupanga faili ya FAT32 na exFAT, ambayo ndiyo iko kwenye kadi nyingi, haiweki kumbukumbu ya kazi iliyoanzwa na haijakamilika. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, orodha inasema hivi na data inasema vile, na kesho yake unaambiwa kadi imeharibika. Kama kishikwambi chako huzima chenyewe, badilisha betri kabla hujaigusa kadi.

Na wewe mwenyewe, unaichomoaje? Kioo kuzimika si ushahidi kwamba kuandika kumekwisha; programu nyingi hupakua na kuhifadhi kioo kikiwa cheusi. Nenda kwenye mipangilio ya hifadhi, chagua kuondoa kadi, subiri ujumbe wa kwamba ni salama. Au zima kishikwambi kabisa. Njia ya tatu hakuna.

Swali: Nimenunua kadi ya GB 128 lakini inaonyesha GB 119. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1, vifaa vingi huhesabu baiti 1,073,741,824, gawanya utaona. Hili nimelijibu mara nyingi, sitalirudia.

Swali: Shikamoo mtaalamu. Kadi yangu ni ya TB 1, niliipata kwa bei ya chini sana. Picha za mwanzo ziko sawa, lakini za karibuni nyingi ni kijivu au hazifunguki kabisa. Niifomati?

Marahaba. Usiifomati, na usiandike kitu kingine juu yake. Kwa maelezo haya, kadi yako karibu kwa hakika ni ya bandia. Wanaozitengeneza huchukua chipu ndogo na kuipa kidhibiti (sehemu inayoisimamia kadi) kinachodanganya: kishikwambi kikiuliza ukubwa, kinajibiwa TB 1. Nafasi ya kweli ikijaa, data mpya ama inapotea ama inaandikwa juu ya ya zamani. Majina ya faili yanaonekana, ukubwa unaonekana, ndani hamna kitu. Ndiyo maana mwenye kadi hugundua baada ya miezi, wakati hasara imeshakuwa kubwa.

Hamisha sasa hivi kila kinachofunguka. Kisha ipime: kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3, zote za bure. Zinaijaza kadi data zinayoijua, halafu zinaisoma tena na kulinganisha. Usipokuwa na kompyuta, ijaze kadi kwa video mpaka mwisho, washa kishikwambi upya, ufungue za mwanzo, za katikati na za mwisho. Ukubwa unaotajwa kwenye mipangilio haukusaidii, maana ndio uongo wenyewe.

Kila kadi mpya ipimwe hivi siku inaponunuliwa, hata kama boksi ni zuri na jina lililoandikwa ni kubwa. Majina makubwa ndiyo yanayoigwa. Na usidanganywe na programu zinazodai "kurekebisha" kadi bandia: nafasi ambayo haipo haiwezi kurudishwa.

Swali: Ni virusi vinavyoharibu kadi yangu?

Karibu kila mara, hapana. Rudi kwenye jibu la kwanza.

Swali: Nilikubali kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Kishikwambi kimekufa. Nimeihamishia kwenye kingine, kinataka kufomati. Picha za mtoto wangu zimo humo. Nifanyeje, kaka?

Dada yangu, hili ndilo swali linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu jibu lake huwa halipendezi. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, kadi inayounganishwa na hifadhi ya ndani husimbwa, yaani data yake hufungwa kwa ufunguo wa siri, na ufunguo hubaki ndani ya kishikwambi chenyewe. Kifaa kingine chochote, hata kompyuta, hakioni picha bali fujo ya herufi. Programu za kuokoa data hazisaidii hapa, na atakayekuahidi kwamba anaweza kuifungua kadi hiyo bila kishikwambi anataka pesa zako.

Tumaini lililobaki liko kwenye kile kilichokufa. Kama kilichokufa ni kioo, betri au sehemu ya chaji, kitengenezwe, kadi irudi ndani, unakili picha zote siku hiyohiyo. Mwambie fundi kabla hajakifungua kwamba asirejeshe mipangilio ya kiwandani. Akifanya hivyo ufunguo unafutika na habari imekwisha. Usikubali pia kile kishikwambi cha pili kifomati.

Kwa wengine mnaosoma: mkiulizwa mnapoingiza kadi, chagueni iwe hifadhi ya kubebeka. Nafasi ya programu inayoongezeka kwa kuiunganisha haifai kulipiwa kwa picha ambazo haziwezi kupigwa tena. Kadi nyingi pia hazikuundwa kwa kazi ya programu, ambayo ni kuandika vipande vidogovidogo bila kupumzika. Alama ya A1 inamaanisha kadi inamudu kuandika vipande vya namna hiyo angalau mara 500 kwa sekunde. Kadi isiyo na alama ya A1 wala A2 haitoi ahadi yoyote.

Swali: Kadi ilisema imeharibika, nikaifomati haraka. Picha zinarudi?

Inawezekana, kama baada ya hapo hukuandika kitu. Itoe sasa. Usipige picha "kujaribu kama inafanya kazi", kwa sababu kila picha mpya inakalia mahali pa ya zamani. Tumia kompyuta na kisoma kadi, na PhotoRec, ambayo ni ya bure na haitegemei ile orodha iliyofutwa. Inatafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili. Majina yatapotea, picha nyingi huenda zikarudi. Matokeo yahifadhi kwenye kompyuta, kamwe si juu ya kadi ileile. Kama kadi inasita au inapotea katikati ya kusoma, tengeneza kwanza nakala kamili ya kadi nzima, uifanyie kazi nakala hiyo.

Ujumbe wa chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha kadi, nao uache mpaka umeshaokoa. Chkdsk inatengeneza orodha ili ilingane, na katika kufanya hivyo inaweza kuvitupa vipande ulivyokuwa unavitafuta.

Swali: Kuna folda inaitwa LOST.DIR yenye faili za namba tupu. Niifute?

Usikimbilie. Android ikiingiza kadi huikagua, na vipande visivyo na mwenyewe huviweka humo. Nakili faili hizo kwenye kompyuta, zipe kiambishi cha .jpg au .mp4 uone kama zinafunguka. Baada ya hapo futa. Ikijaa tena, kadi yako inachomolewa vibaya au umeme unaikatikia.

Swali: Filamu moja inagoma kunakiliwa, inasema nafasi haitoshi, na nafasi ipo tele.

Kadi iko kwenye FAT32, ambayo haipokei faili ya GB 4 au zaidi. Hamisha vitu, fomati kwa exFAT, mradi kishikwambi chako kinaisoma. Vya zamani vingi havisomi, vitakwambia kadi haitambuliki. Hapa ndipo kufomati kuna maana.

Swali: Nafuta picha kwenye kadi, nikiwasha upya zote zimerudi! Hata kufomati kunakubali, kisha kila kitu kiko palepale.

Kadi imefika mwisho. Chembe za kuhifadhia data huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na kidhibiti kikiona hakuna tena akiba ya kubadilishia, hujifunga: kusoma ruhusa, kuandika hapana. Kishikwambi kinadhani kimefuta kwa sababu kinasoma kumbukumbu yake chenyewe. Una bahati kuliko wengi, kadi imekupa muda. Nakili kila kitu leo, kwa sababu hatua inayofuata ni kutosomeka kabisa. Na kwa kuwa huwezi kuifuta, usimpe mtu wala usiitupe ikiwa nzima. Ikate vipande, chipu yenyewe ivunjike.

Swali: Nataka kuhifadhi picha za harusi kwenye kadi, niifungie kabatini. Itadumu miaka mingapi?

Usifanye hivyo. Data kwenye kadi ni chaji ya umeme iliyofungiwa kwenye chembe, na chaji huvuja polepole, haraka zaidi penye joto. Weka picha kwenye diski ya nje, nakala nyingine mahali tofauti, na uzifungue mara kwa mara uone kama bado zinafunguka.

Swali: Nisafishe miguso ya kadi kwa kifutio cha penseli?

Hapana, kinakwangua na kuacha unga. Zima kishikwambi, tumia kitambaa laini chenye spiriti kidogo, acha ikauke. Usipulize kwa mdomo, mate yana unyevu. Na wale mnaokunja karatasi na kuibana chini ya kadi ili "ikaze", mnapinda pini ambazo kuzibadilisha ni ghali kuliko kadi.