Simu za wafanyakazi kwenye waifai ya ofisi: tambua mtu, achana na anwani ya MAC

Mkuu, umeuliza uwashe kipengele kipi kwanza kati ya vilivyokuja na toleo jipya la programu yenu ya kusimamia waifai, maana ofisi ina watu 120 na mfumo unakuhesabia vifaa zaidi ya 900. Nimeyapitia hayo kwenye chuo nilichofanya kazi kitengo cha TEHAMA, nakujibu kwa niliyoyaona.

Hiyo 900 isikutishe. Simu za siku hizi hazitoi anwani yao halisi ya MAC, yaani namba ya utambulisho ambayo kila kifaa huionyesha kwa mtandao; hutoa ya kubuni. Android ilifanya kuificha anwani halisi kuwa kawaida tangu toleo la 10 mwaka 2019, iPhone ikafuata na iOS 14 mwaka 2020. Pitia orodha yako: herufi ya pili ya anwani ikiwa 2, 6, A au E, hiyo ni ya kubuni. Kila jina la mtandao linapewa anwani tofauti, na kuanzia iOS 18, kwenye mtandao ulio wazi iPhone huibadilisha kila baada ya wiki mbili hivi. Kama watu wako wanaingia kwa mtandao usio na paswedi kisha wanajaza jina kwenye ukurasa wa kivinjari, ndipo hesabu inapovimbia hapo.

Sisi tulikuwa tunazitambua simu kwa anwani ya MAC, hivyo tulibandika matangazo ukutani tukiwataka watu wazime hiyo faragha ya kuificha. Kuna mama wa uhasibu alikuwa anakuja dirishani kwetu kila mara, simu mkononi: "Mwanangu, imenikataa tena." Usiwatese watu hivyo. Faragha ile inamlinda mwenye simu asifuatiliwe kila anakopita, ni haki yake.

Washa kwanza usajili wa vifaa binafsi kwa cheti cha kidijitali, yaani faili la utambulisho linalokaa ndani ya simu. Mfanyakazi anaingia mara moja kwa akaunti yake ya kazini, anapakua wasifu wa mtandao (faili la mipangilio), simu inapewa cheti chake. Kuanzia hapo seva ya RADIUS, ile inayoamua nani aingie mtandaoni, inamjua kwa cheti, anwani ibadilike itakavyo. Akiacha kazi unabatilisha cheti chake tu, wengine hawaguswi. Zamani mtu mmoja akiondoka ilibidi tubadilishe paswedi ya chuo kizima, na ndani ya siku mbili hiyo mpya inazunguka WhatsApp.

Hapa kuna jambo linaloniuma mpaka leo. Kabla ya vyeti tulitumia jina na paswedi, na kwenye Android tuliwaelekeza watu wachague kutothibitisha cheti cha seva, kile kinachoihakikishia simu kwamba mtandao ni wetu kweli, ili waunganike haraka. Maana yake mtu yeyote akiweka kifaa chenye jina la mtandao wetu nje ya geti, simu zingejaribu kuingia kwake na kumwachia vya kutosha kuzivunja paswedi zao. Mwishoni mwa 2020 Android 11 ilianza kuondoa chaguo hilo, simu mpya zikagoma, nasi tukalalamika. Walikuwa sahihi.

Kwa printa, televisheni za ukumbini na vifaa visivyoweza kubeba cheti, tumia paswedi binafsi: jina la mtandao ni moja ila kila mtu au kifaa kina paswedi yake. Ila kwenye mifumo mingi inategemea WPA2, kiwango cha zamani cha usalama wa waifai, wakati masafa mapya ya waifai ya 6 GHz yanadai WPA3 iliyokifuata, kwa hiyo usiifanye njia kuu. Wageni wape vocha za siku, kwenye VLAN yao (sehemu ya mtandao iliyotengwa), wasione chochote cha ndani.

Programu yenu ikikupa uwezo wa kufuta simu ya mfanyakazi au kuorodhesha programu alizoweka, uache umezimwa. Simu kanunua yeye. Kama uko Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na kazi ya kuingia mtandaoni haihitaji taarifa hizo. Waambie wazi unachokiona na usichokiona, watasajili bila kusukumwa.

Anza na idara moja, yenye mchanganyiko wa simu za zamani na mpya. Na angalia sana muda wa vyeti. Vyetu tulivitoa karibu vyote wiki moja, vya mwaka mmoja, vikaisha wiki moja, ya mitihani. Washa kipengele cha kuhuisha mwezi mmoja kabla, na utoaji ugawe idara kwa idara ili tarehe zipishane.