Laptopu Inayozima Ghafla: Majibu ya Maswali ya Wasomaji

Ndugu mwandishi, laptopu yangu huonyesha skrini ya bluu mara mbili au tatu kwa siku, kisha hujiwasha upya. Fundi ameweka Windows mpya mara mbili na tatizo limebaki palepale. Nifanyeje? (Mwalimu, Bombo)

Mwalimu, acha kwanza kulipia Windows. Hitilafu inayorudi hata baada ya programu zote kufutwa, na hasa ikiwa uwekaji wenyewe uliwahi kukwama katikati kwa madai kwamba faili fulani limeharibika, hutufanya tuishuku RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kila faili hupita likielekea au likitoka kwenye diski. Sehemu yake ndogo tu ikiharibika, kilichoandikwa humo husomwa tofauti, na Windows ikigundua hivyo hujisimamisha. Ndiyo sababu namba ya hitilafu haitulii: leo ni 0x1A, kesho ni 0x50, na fundi anayetafuta dawa ya kila namba atazunguka mwezi mzima.

Nyaraka za shule zinakiliwe mapema, ila ni bora diski itolewe na kusomwa kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa nakala inayopitia RAM mbovu inaweza kuharibika kimyakimya. Kisha andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows na ukubali mashine ijiwashe upya ili ijipime. Kipimo hicho kikisema hakuna kosa, usikiamini moja kwa moja. Weka Memtest86+, programu ya bure ya kupima RAM, kwenye flashi, uwashe mashine kwa flashi hiyo na uiache ikipima usiku kucha. Hata kosa moja linatosha kukufanya uifungue mashine.

Kipimo kimeonyesha makosa, nami nina vipande viwili vya RAM. Ninunue vyote vipya? (Msomaji, Mbale)

Hapana, usitoe hata shilingi kwanza. Zima mashine, chomoa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, kisha gusa chuma kitupu ili umeme tuli wa mwilini usiunguze kitu. Acha kipande kimoja tu, upime. Halafu kihamishie kwenye nafasi ya pili, upime tena. Kisha fanya vivyo hivyo kwa kipande cha pili. Makosa yakikifuata kipande, kipande ndicho kibovu. Yakibaki kwenye nafasi moja kwa vipande vyote viwili, ubovu uko kwenye nafasi hiyo au kwenye ubaomama (motherboard), yaani bodi kuu ya mashine, na RAM mpya haitakusaidia. Wakati mwingine makosa hutoweka kwa kukitoa kipande na kukirudisha tu, jambo lisilonishangaza kwa mashine inayosafiri kila siku kwa bodaboda kwenye barabara ya vumbi.

Nimeuziwa RAM ya DDR4 lakini haiingii kwenye laptopu yangu ya mwaka 2013. Niisukume? (Msomaji, Arua)

Usisukume, ndugu yangu. DDR3 na DDR4 ni vizazi tofauti vya RAM. Mashine ya mwaka huo hutumia DDR3 yenye miguu 204, ilhali DDR4 ya laptopu ina miguu 260 na pengo lake limekaa kwingine makusudi. Irudishe dukani ukiwa na kipande chako cha zamani mkononi, na kama kimeandikwa DDR3L, basi udai DDR3L, kwa sababu DDR3L hutumia volti 1.35 badala ya 1.5 za DDR3 ya kawaida.

Je, kukatikakatika kwa umeme ndiko kunakoua RAM? (Msomaji, Jinja)

Ni nadra. Laptopu inayozima papo hapo umeme unapokatika, bila skrini ya bluu, ina betri iliyochoka.

Fundi anasema RAM ya laptopu yangu nyembamba haitolewi. Ananidanganya? (Msomaji, Mbarara)

Huenda anasema kweli, kwa kuwa laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyolehemiwa kwenye ubaomama. Muulize kama kuna nafasi ya ziada, ingawa kujaza nafasi hiyo hakuondoi ile mbovu. Kuibadilisha iliyolehemiwa kunahitaji mashine ya hewa moto na mkono uliozoea. Linganisha gharama hiyo na bei ya laptopu iliyotumika kabla hujakubali.