Laki yako usiiweke mezani, Charlotte na Elisabeth si tundu

Mkuu, simama hapohapo. Umeandika kwamba Jumamosi unakutana na wenzako Nyegezi na umeahidi kuweka laki moja kuthibitisha kwamba Dark, ile sirizi ya Kijerumani ya kusafiri kwenye wakati, ina tundu, yaani hadithi inajipinga: Charlotte ni mama yake Elisabeth, halafu Elisabeth huyohuyo ndiye mama yake Charlotte. Unasema waandishi walijisahau. Hilo limenipandisha presha, maana mwaka 2021 nilisema maneno hayohayo mbele ya watu tisa na nikaliwa laki na nusu.

Nilikuwa nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Sirizi niliipata kwa jamaa wa kujaza flashi, tena ile iliyotafsiriwa na DJ. Kijerumani sijui, nikaona nimerahisishiwa. Huyo DJ sitamsamehe. Kila akitokea Adam, yule mzee mwenye uso ulioharibika, yeye anasema "babu yake Jonas". Babu gani? Yule ni Jonas mwenyewe, kijana mhusika mkuu, akiwa uzeeni! Kuna mahali mzee anafunua shingo na kuonyesha kovu la kamba, lilelile alilobaki nalo Jonas aliponyongwa akanusurika. Sekunde hizo ndizo zinazokwambia ni nani, na DJ palepale anapiga kelele "babu kakasirika leo!" Halafu Noah, yule kasisi anayesafiri kwenye wakati, anakuja kumwambia Charlotte kwamba yeye ndiye baba yake. Hapo ndipo fundo lote linapofunguka, kwa sababu Noah alizaa na Elisabeth, miaka ya mbele, na mtoto wao ndiye Charlotte. Unajua DJ alikuwa anafanya nini? Anataja namba yake ya simu ili watu wamtafute kwa kazi.

Na jamaa wa flashi naye. Alinijazia sehemu 18, kumi za msimu wa kwanza na nane za msimu wa pili, akaniapia kwamba imeisha. Haikuwa imeisha. Msimu wa tatu una sehemu nane nyingine na ulitoka tarehe 27 Juni 2020, siku ileile ambayo ndani ya hadithi mji wa Winden unaangamia. Zote ni 26. Kwa hiyo nilikwenda kubishana juu ya hadithi niliyosimuliwa vibaya na isiyo na mwisho, na kifuani najiona profesa kwa sababu nilishatazama video mbili za mtandaoni za "makosa makubwa ya Dark". Wale nao wanatafuta watazamaji tu. Wanaorodhesha kila kitu wasichokielewa na kukiita kosa.

Kijiwe chetu kiko Mabatini, chini ya mawe. Niliyebishana naye ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Akasema hakuna tundu. Nikasema weka hela. Hela yangu ilikuwa ya mzigo wa Jumatatu. Tukampa mwamuzi, mwalimu wa fizikia anayekujaga pale kucheza bao.

Mwalimu hakutoa hotuba. Aliokota vizibo vitatu vya soda akavipanga kwenye benchi: hiki 1953, hiki 1986, hiki 2019, kati yake miaka 33. Akachukua punje ya karanga. "Huyu ni Mikkel, mtoto wa Ulrich. Novemba 2019 anapotelea pangoni." Akairusha hadi kizibo cha 1986. "Anakwama huku, anakua, anaitwa Michael, anamwoa Hannah, wanamzaa Jonas." Akawa anaisukuma karanga polepole kwa kidole hadi ikafika tena 2019. "Juni 2019, Michael anajinyonga. Siku hiyo Mikkel mtoto yuko wapi?" Nikasema yuko kwao, ndiyo maana ni kosa, mtu mmoja hawezi kuwa wawili. Akaniuliza, "Umeniona nikiongeza karanga?"

Hakuwa ameongeza. Karanga ni ileile, njia yake tu imepita mara mbili mahali pamoja.

Kisha akachora duara kwenye vumbi la benchi. Elisabeth anamzaa Charlotte miaka ya mbele, mtoto anachukuliwa anapelekwa nyuma, Tannhaus, fundi saa, anamlea, Charlotte anakua na kumzaa Elisabeth. "Nionyeshe palipokatika." Nilitazama lile duara mpaka wenzangu wakaanza kunong'ona. Hapakuwa na palipokatika. Linatisha, linaudhi, wa kwanza humjui, lakini kila mmoja ana baba, ana mama na ana siku aliyozaliwa. Winden yaliyopita hayabadiliki. Kila aliyerudi nyuma kuzuia jambo ndiye aliyelisababisha.

Ningelipa nikanyamaza ingekuwa hela tu. Mimi nilimwita rafiki yangu tapeli. Nikasema wamepanga na mwalimu. Tukakaa miezi saba bila salamu, na katikati ya hiyo miezi mama yake akafariki, wakazika Sengerema. Yule mama alinilisha utoto wangu wote. Kuvuka kivuko cha Busisi kwenda kumzika sikuvuka, kwa ajili ya Charlotte na Elisabeth. Tumeshapatana, nilimfuata mwenyewe, lakini kaburi lile nililiona likiwa limeshaota majani.

Kwa hiyo nakwambia, kabla hujatamka neno tundu, uliza kwanza: ndani ya sirizi hii yaliyopita yanabadilika au hayabadiliki? Ukishapata jibu, ishike sirizi kwa sheria yake yenyewe. Ukiwa unatazama 12 Monkeys, ile sirizi ya 2015 hadi 2018, humo yanabadilika, basi kuuliza "kwa nini asirudi siku moja kabla?" ni haki yako. Ukiliuliza swali hilo Dark unajiaibisha.

Ukitaka kitu cha kuwabana nacho, wape dira ya Lost, msimu wa tano, 2009. Richard, mtu asiyezeeka, anampa mwenzake Locke dira, Locke anajikuta 1954, anampa Richard dira hiyohiyo, na Richard anaitunza hadi siku ya kumpa Locke. Nani aliitengeneza? Na zaidi: kila mzunguko inazeeka miaka zaidi ya hamsini, inachubuka, inapata kutu, halafu inaanza upya ikiwa vilevile? Charlotte hana hilo, yeye anazaliwa mchanga. Dira haizaliwi. Hapo ndipo mahali pa kutoana jasho.

Na kama lazima iwe Dark, nenda mwisho kabisa (hujaimaliza, ruka aya hii). Jonas na mpenzi wake Martha wanakwenda kwenye dunia ya asili, wanazuia ajali iliyomfanya Tannhaus aunde mashine ya wakati iliyozaa dunia zao mbili, nazo zinafutika. Zikifutika, ni nani aliyekwenda kuzuia? Hadithi inajibu kwamba siku ya maangamizi wakati unasimama kidogo na mnyororo wa sababu unalegea. Mimi naona jibu hilo limeletwa kwa kuchelewa, msimu wa tatu umeshafika mwisho ndipo Claudia, mmoja wa wasafiri wa wakati, analifichua. Mwalimu anasema linatosha. Mpaka leo hatujakubaliana.

Hiyo laki nunua bando. Tazama zote 26 kwa Kijerumani chao na maandishi chini, ushike kalamu, uandike nani ni nani na mwaka gani. Wenzako waambie Jumamosi imesogezwa.