Majibu kwa Wasomaji: Kuvuka Marekani kwa baiskeli, na wasaidizi wanaolala kwa zamu

SWALI: Mimi ni muuguzi Mtanzania ninayeishi Baltimore, Maryland. Wenzangu wanne wa kazini wamejiandikisha kushiriki mbio za baiskeli za kuvuka Marekani, ziitwazo Race Across America, kama timu ya watu wanne, nao wameniomba niwe mmoja wa wasaidizi wao. Sijui kutengeneza baiskeli, na gari naendesha la kwenda kazini na kurudi. Wananiambia nisiwe na wasiwasi, kazi ni kukaa garini na kuwapa maji. Je, ni kweli? Nijiandae vipi, na kuna hatari gani ambayo hawajaniambia?

JIBU: Dada, kabla ya kukubali waombe wakuoneshe ratiba ya zamu za wasaidizi. Ya waendeshaji bila shaka wanayo, tena ya rangi. Ya wasaidizi ndiyo inayosahaulika. Timu isiyokuwa nayo haijajiandaa, hata kama kila baiskeli yake ina bei ya gari dogo.

Nieleze kwanza mbio zenyewe, kwa kuwa ugumu wa kazi yako unatokana na jinsi zilivyopangwa. Zilianza mwaka 1982, wanaume wanne walipoondoka kwenye gati la Santa Monica, California, kuelekea jengo la Empire State mjini New York, na Lon Haldeman akafika wa kwanza baada ya siku 9 na saa 20. Siku hizi huanzia Oceanside, kusini mwa California, mwezi Juni, na kwa miaka mingi zilimalizikia Annapolis, hapo hapo jimboni kwako, mwendo wa takriban kilomita 4,800 unaopita majimbo 12. Katika Tour de France, zile mbio za baiskeli za Ufaransa, kila jioni watu huenda hotelini wakalala. Hapa saa ikishaanza kuhesabu haisimami mpaka mtu avuke mstari wa mwisho. Timu hupewa siku 9. Ukipiga hesabu, huo ni mwendo wa kilomita 22 kwa saa usiku na mchana, na ndani yake mna milima, taa za barabarani, pancha na kupotea njia. Timu nzuri za watu wanne humaliza kwa siku sita au saba.

Wanne hao kwa kawaida hugawanywa jozi mbili. Jozi iliyo zamu hukaa barabarani saa sita hadi nane, na katika muda huo wawili hao hupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, mmoja akikanyaga pedali, mwenzake akisogezwa mbele kwa gari kwenda kumsubiri. Jozi ya pili iko ndani ya gari-nyumba lililotangulia, ikioga, ikila na kulala. Sasa hesabu watu: kila jozi inahitaji dereva, mwelekezaji anayesoma kitabu cha njia, na mtu wa tatu wa chupa, chakula na nguo, gari-nyumba linahitaji dereva wake, fundi naye anatakiwa, na wote hao lazima walale. Ndiyo maana timu ya wanne huwa na wasaidizi wanane hadi kumi na wawili, na ndiyo maana ahadi ya kukaa garini na kutoa maji inanitia shaka. Ukiambiwa kwamba mko watano, kataa kwa upole.

Kutojua ufundi wa baiskeli kusikusumbue. Unalo jambo moja ambalo fundi hana, nalo ni mazoea ya makabidhiano ya wodini. Kikosi cha wasaidizi huharibikiwa hasa pale zamu moja inapoiachia nyingine, saa kumi alfajiri, kando ya kituo cha mafuta, watu wamechoka na kila mmoja anataka kitanda. Aliyemaliza zamu anasema "wako salama", anaenda kulala, na anayeingia hajui kwamba mmoja amekataa kula tangu jioni au kwamba taa ya nyuma ya baiskeli ya pili inazimika yenyewe. Pendekeza daftari moja lisilotoka garini, uandike humo saa kwa saa kila mwendeshaji amekunywa nini, amekula nini, amekojoa lini, amelala kiasi gani na analalamika nini. Kisha, kama ufanyavyo kazini, mkabidhi anayeingia kwa kumsomea, si kwa kumwachia asome mwenyewe. Tumieni pia saa moja rasmi katika maandishi yote: mbio hizi huhesabiwa kwa saa za mashariki ya Marekani tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali nyinyi mtakuwa mkivuka kanda nne za saa, na anayeandika kwa saa ya simu yake ataivuruga hesabu ya zamu nzima.

Upande wa tiba, siku ya kwanza ndiyo ya kuogopwa kuliko watu wanavyodhani. Kutoka baharini njia hupanda milima ya California, kisha huporomoka hadi jangwani Borrego Springs, ambako joto la Juni hupita nyuzi 40. Hapo wasiojua humlazimisha mwendeshaji kunywa maji matupu mfululizo, na wewe unajua mwisho wake: chumvi ya damu hushuka, vidole huvimba, kichwa huuma, mtu huanza kujibu maswali kwa namna isiyoeleweka. Maji yaende pamoja na chumvi, na mizani ndogo ndani ya gari-nyumba itakusaidia, kwa sababu anayeongezeka uzito katikati ya mbio za jangwani amekunywa kupita kiasi. Siku moja au mbili baadaye watakuwa wakipanda Wolf Creek Pass huko Colorado, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni baridi yake hutaka glavu na koti, na anayeteremka akiwa amelowa jasho hutetemeka hadi mikono ishindwe kubana breki. Mfuko wa nguo za baridi usizikwe chini ya mizigo kwa kuwa tu asubuhi mlikuwa jangwani.

Michubuko ya makalio haina ujanja mkubwa: usafi, kaptura kavu kila zamu, na wewe kuiangalia mapema bila aibu ya upande wowote. Wauguzi hamhitaji kuhubiriwa hilo.

Kumpa mtu chupa akiwa mwendoni ni kazi ndogo yenye namna yake. Simama upande wa nje ya barabara, pale ambapo njia inapanda kidogo ili awe polepole, shika chupa kwa vidole viwili au vitatu kwenye shingo ili kiwiliwili chote kiwe wazi kwa mkono wake, anza kukimbia kabla hajakufikia, na uiachie mara tu unapohisi anaivuta. Anayeikumbatia chupa kwa kiganja kizima humvuta mwenzake aanguke. Fanyeni mazoezi nyumbani, katika uwanja mtupu wa kuegesha magari, mpaka isiwe jambo la kufikiria.

Umeuliza hatari. Mbio hizi zimeua: mwaka 2003 alifariki mwendeshaji wa timu, na mwaka 2005 akafariki mwingine aliyekuwa akiendesha peke yake, wote wawili kwa kugongana na magari. Barabara hazifungwi kwa ajili ya washiriki, kwa hiyo malori, watalii na walevi wa usiku mtakuwa nao njia nzima. Kwa msaidizi, pa hatari zaidi ni ukingo wa barabara. Gari likiegeshwa litoke kabisa njiani, angalau mita moja na nusu nje ya mstari mweupe. Teremka kwa mlango wa upande usio na magari. Usiku usitoke bila fulana ya kuakisi mwanga. Usivuke barabara kukimbilia kupiga picha. Naliandika hili kwa sababu picha ndizo huwasahaulisha watu wazima barabara iko wapi.

Suala la fedha nitalipitia haraka. Wasaidizi kwa kawaida hujitolea, ila timu hugharimia usafiri, chakula na malazi. Pata hayo kwa maandishi, uhakikishe jina lako limo katika bima ya gari la kukodi kabla hujashika usukani, na uombe likizo inayobakisha siku mbili baada ya kumaliza.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni dereva wa teksi Columbus, Ohio, na nimeombwa kuendesha gari la kufuata nyuma ya waendeshaji wa timu katika mbio hizo hizo. Kiongozi wa kikosi anasisitiza kwamba nisiendeshe zaidi ya zamu moja kwa mfululizo, ilhali mimi nimezoea kukesha. Pia ananiambia usiku mwendeshaji hawezi kwenda hata hatua moja bila gari langu. Haya si masharti ya kupita kiasi?

JIBU: Hapana kaka, na hilo la pili si la kiongozi wako, ni sheria ya mbio. Kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi mwendeshaji ni lazima awe ndani ya mwanga wa taa za gari linalomfuata moja kwa moja, na gari hilo liwe na taa za njano zinazowaka na kuzima juu ya paa. Maana yake ni kwamba, ukihitaji mafuta saa nane usiku, yeye anasimama. Magari yakirundikana nyuma yako ukaamua kupisha, yeye pia anasimama. Kwa hiyo tangi hujazwa kabla giza halijaingia, na dereva huenda msalani wakati wa kubadilishana.

Kubadilishana kwenyewe kunakuhusu sana. Makabidhiano huhesabiwa gurudumu la mbele la anayefika linapolifikia gurudumu la nyuma la anayeondoka. Mchana anayeondoka anaweza kuanza kujongea ili wakutane wote wakiwa mwendoni, jambo linalookoa sekunde kadhaa kila mara. Usiku anayeondoka husubiri akiwa amesimama, na wewe unayemfuata anayefika ndiye unayeendelea na anayeondoka, bila kumwacha gizani. Makosa huadhibiwa kwa muda, nao hulipwa kwa kusimama kituoni karibu na mwisho wa safari, wakati wapinzani wanapita mkiwatazama. Kanuni hubadilishwa mara kwa mara, hivyo soma kitabu cha mwaka wenu, si cha rafiki yako aliyeshiriki zamani.

Ama kukesha, teksi haikufundishi kazi hii. Teksi inasimama, inapakia, inashusha, na abiria anakuzungumzisha. Hapa utakuwa nyuma ya taa moja nyekundu kwa kilomita 25 au 30 kwa saa katika tambarare za Kansas, ambako barabara haikati kona kwa muda mrefu sana na macho yanaanza kuona mambo ambayo hayapo. Uchunguzi umeonesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 huwa mzito kama aliyekunywa pombe ya kumfikisha kwenye asilimia 0.05 katika damu, na akifika saa 24 hupita kiwango ambacho sheria za barabarani za Ohio humhesabu mtu kuwa amelewa. Wewe usingemkabidhi mlevi gari la tani mbili lililoelekezwa mgongoni mwa mwenzako, mita chache tu nyuma yake. Usingizi wako ni sehemu ya kazi, na kiongozi wenu anayeuandika katika ratiba anaijua kazi yake. Mwelekezaji akikuona umeanza kupepesa au kujibu kwa kuchelewa, awe na haki ya kukusimamisha bila mjadala. Kubalianeni hilo mkiwa Oceanside, kabla mtu hajachoka na kuwa mkali.

Mkipotea, nawe utapotea, msijaribu kukata njia kurudi mbele. Mwendeshaji anatakiwa aanzie pale pale alipoiacha njia, na mnaruhusiwa kumrudisha hapo kwa gari.

SWALI: Nitakuwa mpishi wa timu. Je, ugali unafaa, au niwape vyakula vya dukani tu?

JIBU: Mwenye zamu barabarani anahitaji wanga gramu 60 hadi 90 kwa saa, kwa vipande vidogo vinavyomezwa bila kutafunwa sana: ndizi iliyomenywa, mpira mdogo wa wali wenye chumvi, kiazi kilichochemshwa, pamoja na vile vinywaji na jeli za dukani alizozijaribu mazoezini. Jambo jipya tumboni lisianze siku ya mbio. Akiingia gari-nyumba ndipo ale chakula kamili ndani ya nusu saa, kabla usingizi haujamchukua, na hapo ugali laini kwa mchuzi wa kuku hauna ubaya kwa aliyeuzoea. Maharage yaache mpaka mstari wa mwisho. Pika pia cha wasaidizi, maana wao husahauliwa, hununua vibanzi kila kituo cha mafuta, na kufikia siku ya nne hakuna anayesikia harufu ya vibanzi bila kununa.